Muulize mwanao, hata kama swali linatisha

Kama umewahi kupita barabara ya Lunga Lunga saa kumi na mbili asubuhi, bila shaka umewaona wazazi wenzetu wamesimama kwenye malango ya viwanda wakingoja kuitwa kazi ya kibarua. Anayeitwa huingia, na hatoki hadi jioni. Sasa tuseme wewe ni mmoja wao. Nyuma yako, katika chumba kimoja huko Viwandani au Mukuru kwa Reuben, umemwacha kijana wa kidato cha tatu ambaye juma zima hali vizuri na hasemi na mtu. Vitabu vyake amempa mdogo wake. Jana usiku alitamka kwamba mngekaa vizuri zaidi kama yeye asingekuwapo.

Je, ungefanya nini?

Najua wengi wetu tungefanya nini. Tungemkemea aache upuuzi, tungemwita mchungaji amwombee, ama tungenyamaza tukidhani kulitaja jambo ni kuliita. Simkatazi mtu kuomba. Mimi mwenyewe naomba. Lakini huko kunyamaza ndiko kunakonitia wasiwasi. Wataalamu wa afya ya akili wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, nao wanasema kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu, kwa kuwa hatimaye kuna mtu wa kumwambia.

Basi muulize, mkiwa wawili tu, bila kuzungukazunguka: "Mwanangu, unafikiria kujiua?" Akikubali, usipige mayowe wala usianze kumhubiria. Msikilize, kisha umuulize kama ameshapanga atakavyofanya na lini. Mwenye mpango yuko hatarini sana, na mtu wa namna hiyo haachwi peke yake hata kwa muda wa kwenda kuteka maji. Dawa zote za nyumbani, pamoja na sumu ya panya tunayoificha chini ya kitanda, zitoke humo chumbani usiku huo huo.

Kuna hofu nyingine iliyotufunga midomo, nayo ni polisi. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, tuliyoirithi kwa mkoloni, kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Mzazi mwenye hofu hiyo angewezaje kumweleza daktari ukweli? Lakini tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Miongoni mwa waliopeleka kesi hiyo ilikuwamo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu.

Ajabu ni kwamba siku hiyo hiyo ndiyo yalitangazwa matokeo ya mtihani wa KCSE wa mwaka 2024, pale South C, si mbali na viwanda hivi. Nadhani wengi wetu macho yalikuwa kwenye alama, na habari ya mahakamani ikatupita. Ndiyo maana nairudia leo: ukimpeleka mtoto hospitali, mwambie daktari kila kitu.

Hospitali ipi? Usiku wa hatari, nenda iliyo karibu. Mkazi wa Eastlands anaweza kukimbilia Mama Lucy Kibaki, na wa upande wa South B akaenda Kenyatta. Mathari, kule barabara ya Thika, ni hospitali ya rufaa ya magonjwa ya akili, na naomba tuache kuwatishia watoto kwa jina lake. Tumelifanya kuwa tusi, kisha tunashangaa mgonjwa anapokataa kupelekwa.

Kama huna nauli, anza na simu. Nambari 116 ni ya Childline Kenya, ya kuwasaidia watoto, na haitozwi chochote. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, na mzazi pia. Shirika la Msalaba Mwekundu lina 1199, nayo ya bure. Befrienders Kenya, ambao kazi yao ni kuwasikiliza waliokata tamaa, wanapatikana kwa 0722 178 177.

Shuleni nako huwa kuna mwalimu wa ushauri nasaha. Baadhi yao ni hazina kwelikweli. Ila nitasema bila kuficha: mwanafunzi hawezi kumfungulia moyo alasiri mwalimu yule yule aliyemfukuza asubuhi kwa sababu ya karo. Muulize mwanao ni mwalimu gani anayemwamini, hata kama ni wa kandanda, uende ukaonane na huyo.

Na kesho asubuhi, langoni? Kibarua cha siku moja kikipotea, chakula cha jioni kimepotea nacho. Hilo halihitaji kuelezwa Mukuru. Kama kijana ana mpango, siku hiyo ipotee, mwende hospitali. Kama hana, na huna budi kwenda kazini, mwombe jirani akae naye mchana kutwa, na umweleze sababu. Andika 116 ukutani kwa kalamu nzito. Ukirudi jioni, kabla hujawasha jiko, keti naye umuulize tena.