Gari la mizigo likizimika njiani, nyumba nzima imekwama

Chukulia mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishwa kutoka Muleba kwenda Bukoba mjini. Baba ametangulia siku mbili kusafisha nyumba ya kupanga. Canter iliyoahidiwa saa 2 asubuhi inafika saa 6 mchana. Vitanda, magodoro, kabati, masanduku ya nguo, vyombo, gunia la mkaa na kuku wanne kwenye tenga vinapakiwa. Turubai juu, kamba zinakazwa. Mwalimu na watoto wake wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine anayenyonya, wanajibana mbele na dereva.

Safari yenyewe ni ya lami na haifiki kilometa 100. Wengi huihesabu kuwa ni ya kufika kabla ya chakula cha jioni. Lakini wakishapita Muhutwe, kwenye mlima, mshale wa joto unapanda na moshi mweupe unatoka mbele.

“Mwalimu, gari imechemsha. Tusubiri kidogo ipoe,” anasema dereva.

Kidogo hicho kinakuwa saa tatu. Fundi anakuja kwa bodaboda, anakuta pampu ya maji imekufa, anarudi mjini kutafuta nyingine. Saa 12 jioni mvua inaanza na baridi inashuka. Mtoto mkubwa, mwenye siko seli, anaanza kulalamika miguu inauma.

Maji yake ya kunywa, sweta, blanketi na dawa vipo. Viko ndani ya sanduku, chini ya kabati, chini ya magodoro, chini ya turubai. Nyumba yote iko mita mbili kutoka alipo mama, lakini haifikiki.

Hapo ndipo wazazi wengi hukosea siku ya kuhama. Hupanga mizigo kwa kuamini kwamba gari litafika. Inafaa kupanga kana kwamba gari litalala njiani.

Mfuko usiopakiwa

Kabla kitu chochote hakijapanda kwenye gari, weka pembeni mfuko mmoja ambao mama au baba ataushika mkononi hadi mwisho wa safari. Usiupe nafasi nyuma, hata kama dereva anasema kuna nafasi.

Ndani yake ziwemo dawa zote za kila siku za wanafamilia, za kutosha siku tatu au zaidi. Anayetumia ARV au dawa za kifua kikuu hapaswi kukosa dozi kwa sababu sanduku liko chini. Akichelewa, ameze mara akumbukapo, lakini asimeze dozi mbili kwa pamoja ili kufidia. Insulini isikae kwenye dashibodi wala karibu na injini, maana joto huiharibu. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni.

Weka pia kadi za kliniki za watoto, kadi za bima, maji ya kunywa, sweta kwa kila mtoto, kanga mbili, tochi, simu yenye chaji na chakula kisichoharibika haraka, kama ndizi mbivu, karanga na mkate. Mtoto anayenyonya ana chakula chake tayari, ila mama naye lazima anywe maji na kula. Kwa anayetumia maziwa ya kopo, yakishatengenezwa yasikae zaidi ya saa mbili bila ubaridi.

Mwisho weka chandarua. Inaonekana ni kitu cha ajabu kubeba mkononi, lakini wanaohama Kagera wana sababu. Utafiti mkubwa uliofanyika Muleba, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018, ulilinganisha vyandarua vya kawaida vyenye dawa na vile vilivyoongezewa kemikali ya PBO. Katika mwaka wa kwanza, watoto 55 kati ya kila 100 waliopimwa upande wa vyandarua vya kawaida walikutwa na vimelea vya malaria. Upande wa PBO walikuwa 31. Familia ikifika usiku wa manane, hakuna atakayefungua turubai kutafuta chandarua. Usiku huo wa kwanza watoto hulala wazi.

Mtoto mwenye siko seli

Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na siko seli nchini kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wengi wao. Baridi, kuloana, uchovu na upungufu wa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu makali. Gari likikwama jioni ya mvua, mtoto huyu anakutana na vyote vinne kwa pamoja.

Avalishwe nguo kavu mapema, anyweshwe maji kidogo kidogo mara kwa mara, apewe dawa ya maumivu aliyoelekezwa kliniki. Akipata homa, akihema kwa shida, akilegea upande mmoja wa mwili au maumivu yakizidi, hiyo si hali ya kusubiri fundi. Apelekwe hospitali muda huo huo.

Kwa mtoto yeyote mdogo, dalili za hatari ni kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kupata degedege, au kulegea na kutozinduka vizuri.

Barabarani si sebuleni

Gari likisimama, watoto washuke upande wa mbali na magari na wasogezwe nje kabisa ya barabara. Wasikae nyuma ya gari, wala chini yake hata kama kuna kivuli. Dereva aweke pembetatu za kuakisi mwanga mbele na nyuma. Matawi peke yake hayaonekani vizuri usiku.

Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto, maana maji huruka na kuunguza uso. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala asali.

Baridi ikizidi, msiwashe jiko la mkaa ndani ya gari au chini ya turubai. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na huua watu wakiwa wamelala.

Gari likivutwa kwa kamba, abiria wasibaki ndani. Injini ikiwa imezimwa, breki na usukani huwa vizito, na dereva anaweza kushindwa kulidhibiti mteremkoni.

Mizigo ilale, mtoto asilale

Kinachowafanya akina mama wabaki barabarani hadi usiku mara nyingi ni hofu ya kuibiwa. Akiondoka, nani atalinda kabati alilolilipia kwa miaka miwili? Hofu hiyo ni ya haki, ila jibu lake hutafutwa kabla ya safari.

Kubalianeni nani atabaki na mzigo, na jirani au ndugu gani yuko njiani anayeweza kuja. Mwenye gari aseme mapema likiharibika nani atalipia gari la kubadilisha. Msilipe nauli yote kabla ya kufika. Tengeni fedha ya Hiace kwa ajili ya watoto, isiguswe kwa jambo lingine. Jiwekeeni na muda: likikaa saa mbili bila kuwaka, au saa 11 jioni ikifika, watoto waondoke.

Andikeni pia namba muhimu kwenye karatasi. Mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga akipata dharura, namba 115 ya m-mama hupigwa bure kuomba usafiri. Polisi ni 112. Mjue pia hospitali zilizo karibu na njia yenu. Kwa upande wa Muleba kuna Rubya, Kagondo na Ndolage, na Bukoba mjini ipo hospitali ya rufaa ya mkoa.

Mwalimu wa mfano wetu angekuwa na mfuko wake mkononi, angempa dereva namba ya baba, akasimamisha Hiace ya kwanza yenye nafasi na kufika mjini kabla mvua haijazidi. Canter ingefuata kesho yake, na kuku wake wanne.