Paka akihema mdomo wazi, usimcheke!

Mpenzi msomaji, mbwa akitoka kukimbizana juani akahema ulimi nje, mimi simshangai. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Paka je? Huyo mwingine kabisa. Paka aliyetulia zake akipumua mdomo wazi, ujue mambo yameharibika.

Kipimo changu hakina gharama. Mnyama akiwa amelala, tazama mbavu: zikipanda na kushuka, hiyo pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Zikizidi 30, na ukirudia bado zimezidi, mpigie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Ukiona fizi za bluu au zimepauka, ama kanyoosha shingo hataki kulala, usingoje kesho. Beba, nenda!

Njiani usimbane kifua, usimlaze kwa nguvu, wala usimnyweshe maziwa. Nawajua, kila balaa dawa yenu maziwa! Anayepigania pumzi humeza kwa shida, yanaweza kumwingia mapafuni. Paka mtie kwenye kikapu chenye hewa, kelele zikome.

Haya, leo usiku kamhesabu wako. Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.