Dola milioni 110 za Kitchener zilimnufaisha nani?

Mwaka 2004 baraza la jiji la Kitchener, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, liliidhinisha mfuko wa dola milioni 110 kufufua uchumi wa jiji ambalo viwanda vyake vya ngozi, viatu na mpira vilikuwa vikifa. Milioni 30 zilitengewa Chuo Kikuu cha Waterloo kijenge Shule ya Famasia katikati ya jiji. Kiwanda cha kale cha ngozi cha Lang kikawa makao ya kampuni changa za teknolojia. Google nayo ikaingia humo. Mwaka 2019 ikafuata treni ya umeme.

Sina ugomvi na uthubutu huo, ambao madiwani wengi hawana. Swali langu ni thamani ya ardhi. Reli inapopita, kiwanja jirani hupanda bei bila mwenyewe kutoa jasho, na mpangaji huongezewa kodi ya pango. Januari 2023 jaji aliinyima serikali ya Mkoa wa Waterloo amri ya kuwaondoa watu waliopiga mahema kwenye kiwanja chake mtaa wa Victoria, kwa kuwa vitanda vya makazi ya dharura havikuwatosha. Kutoka mahema hayo hadi Shule ya Famasia ni mwendo mfupi tu kwa miguu.

Mwaka 2018 kanuni za Ontario ziliziruhusu manispaa kudai kwamba sehemu ya nyumba katika majengo mapya karibu na vituo vya treni iwe ya bei nafuu. Jiji lililothubutu kutoa milioni 30 halina sababu ya kudai sehemu hiyo kwa kunong'ona.