Nani Amwige Nani?

Likizo iliyopita, mimi na kaka yangu tulijaribu kuiga bia ya Eagle nyumbani kwetu Soroti, mashariki mwa Uganda. Tulikuwa na kimea cha mtama, hamira ya mkate na ndoo. Baada ya wiki mbili tulipata maji ya kahawia yaliyochacha kama siki.

Bibi alicheka. "Wajukuu zangu, mnahangaikia nini?"

Swali hilo limenifanya niandike. Bia ya aina ile huchachushwa polepole katika baridi ya nyuzi kama 10. Kwetu mchana hufika nyuzi 30, na friji hatuna. Ajono ya bibi, ya ulezi uliokaangwa, huiva kwa siku chache katika joto hilohilo. Yeye anajua kazi. Sisi tulijua lebo tu.

Tena, Eagle ilipoingia sokoni Uganda mwaka 2002, ilipikwa kwa mtama wa aina ya Epuripur, nafaka ya mashamba yetu. Kumbe kiwanda nacho kilikuja kwetu!

Mtaniambia pombe ya kienyeji huua. Kweli, ipo waragi yenye sumu. Lakini ajono haikenekwi. Msiihukumu kwa kosa la nyingine.

Ada yangu ya sekondari ilitoka katika chungu kile nilichokionea haya mbele ya wenzangu. Anayetaka kupika pombe nyumbani akae kwanza karibu na bibi yake, kalamu mkononi, kabla elimu hiyo haijazikwa naye.