Tuzungumze mkojo na nyuklia (msicheke!)

Haya wasomaji, tangu mwaka 2025 Serikali ilipogeukia ufuo wa Siaya kutafuta mahali pa kinu cha kwanza cha nyuklia, baada ya wenyeji wa Uyombo kule Kilifi kukataa, hapa Bondo gumzo ni lile lile: ajira, fidia ya mashamba, omena. Sijasikia mtu akiuliza: mambo yakiharibika, mkojo wetu utapimwa wapi?

Ndiyo, mkojo. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazil, watu waliokuwa wakitafuta vyuma chakavu walivunja mashine ya tiba ya saratani iliyotelekezwa, siziamu-137 ikasambaa. Watu wapatao 112,000 walikaguliwa, 249 wakakutwa nayo, 4 wakafa. Mkojo na kinyesi ndivyo vilivyosaidia kujua nani ameimeza na kiasi gani. London mwaka 2006, Litvinenko alipouawa kwa poloniamu, mamia ya watu walipimwa mkojo pia.

Kwa sisi waandishi wa programu hii ni hesabu ya kurudi nyuma: una jibu, unatafuta kilichoingizwa. Unapima bekereli katika mkojo wa saa 24, unagawanya kwa sehemu ambayo mwili hutoa siku hiyo, unapata kiasi kilichomezwa. Kazi ipo kwenye saa. Iodini-131 hupungua nusu kila siku 8, kwa hiyo baada ya siku 32 imebaki moja ya 16. Ukikosea tarehe ya kumeza, jibu ni takataka hata kama programu haina kosa. (Mionzi iliyokupiga kutoka nje mkojo hauioni, hapo huchunguzwa kromosomu za damu.)

Kwa hiyo maabara iwe karibu. Chuo kikuu cha JOOUST kiko hapa hapa Bondo, na maoni yangu ni kwamba kianze sasa, kabla saruji haijamwagwa: kipime watu wa Usenge, Luanda Kotieno na mjini, namba zihifadhiwe. Kila mwili una potasiamu-40 tayari, na udongo wa dunia una masalia ya mabomu yaliyojaribiwa miaka ya 1950 na 1960. Bila namba za leo, siku ya fidia tutaambiwa vilikuwemo tangu zamani, nasi tutajibu nini?

Chupa yangu iko tayari. Na hiyo programu ya kuhifadhi namba nitaiandika bure.