Jetoni Isinunue Haki ya Mtoto

Mwalimu wa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, ambaye darasani mwake ameketi mtoto mwenye usonji, asiyeitika kwa sifa wala kwa makaripio, hana budi kutafuta namna ya kumfahamisha kwamba kazi ina mwanzo na ina ukomo, na kwamba baada yake kuna la kufurahisha. Na njia mojawapo isiyodai fedha nyingi ni jetoni, hata zikiwa vizibo vitano vya chupa vilivyooshwa, kila kimoja kikitolewa papo hapo mtoto atendapo aliloombwa, navyo vitimiapo vikabadilishwa kwa kile akipendacho yeye kwa dhati.

Naiunga mkono njia hii. Aghalabu mtoto wa namna hii hufahamu akionacho kuliko akisikiacho, na kizibo kiganjani hakibadiliki kama sauti au uso wa mtu. Lakini jetoni sharti inunue ziada, isinunue haki.

Teodoro Ayllon na Nathan Azrin, walioitumia njia hii katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Anna, jimboni Illinois, Marekani, na kuitungia kitabu mwaka 1968, waliwauzia wagonjwa kwa jetoni hata faragha. Ilhali mwaka 1972, katika kesi ya Wyatt dhidi ya Stickney, mahakama ya shirikisho huko Alabama iliihesabu faragha miongoni mwa haki za mgonjwa, ikakataza pia kumnyima mtu chakula kwa kumwadhibu. Sisi wa Katanga, ambao wazee wetu walipimiwa posho na kampuni ya madini ya Union Minière, wao na wake zao na watoto wao, twaujua unyonge wa mtu ambaye unga wake umo mkononi mwa mwingine. Kumzuilia mtoto bukari, yaani ugali, mpaka vizibo vitimie ni dhuluma.

Kadhalika raha ya mwili. Siku ya mechi, uwanja wa klabu ya soka ya TP Mazembe, uliopo papa hapa Kamalondo, uliofunguliwa mwaka 2011, ufurikapo na kelele zake zikajaa mitaani, mtoto azibaye masikio na kutaka kujitenga asidaiwe kitu, wala asidaiwe kwa kukumbatiwa na mamaye. Na jetoni aliyokwisha kuipata asinyang'anywe kwa kosa la baadaye, kwani ni ujira wa kazi aliyoitenda.

Taifa letu la Kongo lilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu tarehe 3 Mei 2022. Basi ili haki hizo zifike hata darasani, kabla ya kizibo cha kwanza kutolewa, mwalimu na mzazi wakae pamoja, waandike yale ambayo mtoto atapewa bila ya kulipa chochote, na karatasi hiyo ibandikwe ukutani mwa darasa.