Mkata hadi Mombo: lawama zisiishie kwa bodaboda

Kati ya Mkata na Mombo kuna ishara ambayo kila mwendesha bodaboda anaijua. Basi linataka kulipita lori, na mbele anakuja kijana na Boxer yake, amempakia mama na gunia la machungwa. Dereva wa basi hapunguzi mwendo. Anawasha taa kubwa mara mbili tatu, maana yake: ondoka. Kijana analazimika kushuka pembeni, mahali ambapo lami imelika na changarawe iko chini kwa kimo cha kiganja. Akianguka hapo, hakuna gari lililomgusa. Kijijini watasema boda ameanguka mwenyewe.

Nalisema hili kwa sababu mjadala wa usalama wa pikipiki Handeni na Korogwe, kama kwingine nchini, huanzia kwa boda na kuishia kwake. Hana leseni, anapakia mishikaki, havai kofia ngumu. Ni kweli, na siwatetei. Kijana anajifunzia pikipiki ya kaka yake wiki hii, wiki ijayo yuko kijiweni anaita abiria. Kofia yake imening'inia kwenye usukani. Ya abiria haipo, au ipo na mama anaikataa kwa kuwa amesuka jana na kofia yenyewe imeshavaliwa na stendi nzima. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kigali abiria wa pikipiki anapewa kofia na anaivaa. Sioni kwa nini Chanika ya Handeni na Manundu ya Korogwe zishindwe.

Ila kofia haimpunguzii mwendo dereva wa basi. Sheria yetu inataka kilomita 50 kwa saa penye makazi, na magari makubwa yasizidi 80 kwingineko. Gari linaloingia Kabuku au Segera kwa 80 badala ya 50 hugonga kwa nguvu zaidi ya mara mbili na nusu. Madereva wanakijua kibao cha 50, lakini wengi wanaiheshimu tochi ya trafiki ya kupimia mwendo kuliko kibao, na wanaokutana nao huwawashia taa kuwaarifu kuwa tochi iko mbele. Wakishaipita, mguu unarudi kwenye mafuta.

Usiku ni mbaya zaidi. Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri saa 24, barabara hii haipumziki, na pikipiki inayotoka shambani saa mbili usiku bila taa ya nyuma inalikuta basi la Arusha likiwa katika mwendo wake wote. Mwaka huohuo, Februari, Fuso na Coaster zilizogongana usiku pale Magila Gereza, Korogwe, ziliua watu wengi waliokuwa wakisindikiza maiti kwenda kuzika. Viongozi wa mkoa walieleza kuwa lori lilikuwa likijaribu kulipita gari lililokuwa mbele yake. Kama kupita vibaya kunaua abiria waliokaa ndani ya bati, aliye juu ya magurudumu mawili ana kinga gani?

Upande wa faini, bajeti ya 2021/22 ilishusha ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Wapo waliolalamika kwamba serikali imewadekeza. Mimi naona uamuzi ulikuwa sahihi, kwa sababu ya kitu kinachoitwa hesabu. Vijana wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Kila jioni wanampelekea tajiri mwenye pikipiki elfu saba, au hata elfu kumi, mvua inyeshe isinyeshe. Aliyetozwa 30,000 asubuhi huifidia kwa kupakia watatu, kukimbia, na kuendesha hadi usiku akiwa amechoka. Tajiri mwenyewe, mara nyingi mwalimu, muuguzi au mwenye duka pale mjini, hatajwi popote ajali ikitokea, wakati ndiye aliyempa kijana asiye na leseni ufunguo wa pikipiki yenye tairi kipara.

Mkataba wa hesabu kati ya tajiri na kijana, ambao mara nyingi huandikwa kwenye karatasi ya daftari na kushuhudiwa na jirani, ndipo pa kuanzia. Serikali ya kijiji au mtaa ikatae kuugonga muhuri kama hauna leseni ya kijana, bima iliyo hai, kofia mbili, na siku moja ya wiki isiyo na hesabu. Hilo halihitaji sheria mpya kutoka Dodoma.

Kwa magari makubwa, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, tayari inafuatilia mwendo wa mabasi kwa kifaa cha VTS, na mwendo wa basi ndani ya Michungwani au Hale unaweza kujulikana bila askari kujificha kwenye mkorosho. Dereva aulizwe kuhusu kilomita zake za vijijini, na mwenye basi aulizwe naye. TANROADS waijaze mibomoko ya pembeni mwa lami, maana ndipo boda anaposhushiwa. Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ijayo, kabla ya kubandika stika, kamati ya usalama barabarani ipande pikipiki na vijana wa Segera saa moja jioni, iende nao hadi Korogwe kwa barabara kuu.